Skrubu inayoyeyuka mwilini, ni salama?

SWALI: Shikamoo dokta, mdogo wangu kavunjika kifundo cha mguu, wanataka kumwekea skrubu ya plastiki inayoyeyuka yenyewe, je haitamdhuru?

JIBU: Marahaba, mpe pole. Nyingi ni plastiki iitwayo PLA, inavunjika kuwa asidi ya laktiki ambayo hata misuli inatengeneza. Kwa kufuata ISO 10993, yaani kiwango cha kimataifa cha kupima usalama wa vifaa vya tiba, plastiki inalowekwa kwenye maji ya kukuzia seli, nyuzi 37, halafu seli hai zinawekewa yale maji, uhai wake ukishuka chini ya asilimia 70 hapo ni sumu. Ila kipimo hicho pekee hakitoshi kabisa, maana aina ya PLA iitwayo PLLA inakaa miaka, na huko Uholanzi kuna waliovimba uso miaka 3 baada ya kuwekewa kwenye mifupa ya uso, ndo maana inapandikizwa pia kwa wanyama na kufuatiliwa mpaka iishe. Muulize daktari wake ni aina gani na inachukua muda gani kuisha.