Re: Usugu wa insulini na dawa za homa ya ini C

Mkuu umeuliza kama usugu wa insulini, yaani mwili kutoitikia vizuri insulini inayoshusha sukari, utafanya dawa za homa ya ini C zigome. Hiyo hofu ni ya enzi za dawa za zamani, interferoni ya sindano kila wiki na vidonge vya ribavirini, mpaka wiki 48, hapo kweli wenye usugu walikuwa wanapona wachache kuliko wenzao, na kibaya zaidi virusi vyenyewe ndo vinachangia huo usugu. Kuupima ni hesabu tu, insulini ya asubuhi kabla hujala (kwa mikrouniti kwa mililita) mara sukari ya muda huohuo (kwa milimoli kwa lita), gawa kwa 22.5, mfano 15 mara 6 unapata 4, na zamani ukizidi 2 tu daktari anaanza kukuna kichwa. Sa hivi vidonge kama sofosbuviri na wenzake, wiki 8 au 12, vinaponya zaidi ya asilimia 90, usugu hauvisumbui sana. Mi ningeangalia kingine, virusi vikiisha sukari inaweza kushuka, so kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) pima sukari mara kwa mara na umwambie daktari mapema, usije ukabaki na dozi ileile ukaanza kutetemeka na kutoka jasho usiku.