Mwaka wa pili ndipo darasa hufia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja Ujerumani. Mwenzangu, dada kutoka Almaty, ameruhusiwa kuanzisha programu ya lugha ya Kikazaki na taaluma za Kazakistani. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeanzisha Kiswahili hapa, nimeambiwa nimsaidie. Wafadhili wameahidi kumlipa mwalimu kwa miaka 2. Idarani wanatuuliza nani atajifunza Kikazaki. Tuanzie wapi?
Msomaji, Ujerumani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilifundisha Kiswahili Marekani miaka 17, na mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mwalimu wa Kikazaki. Siku moja alikuja na birika la chai ya maziwa. Nikamuuliza, kwenu mwalimu anaitwaje? Akasema: muğalim. Niliweka kikombe chini. Tukasimama ubaoni mpaka chai ikapoa: kitabu kwao ni kitap, kalamu ni qalam, wakati ni uaqyt, habari ni khabar. Sisi maneno hayo ya Kiarabu yalitufikia kwa njia ya bahari. Wao yaliwafikia nyikani kupitia Waajemi na madrasa za Asia ya Kati.

Wanaouliza nani atajifunza, waambie waangalie mji wao wenyewe. Mwaka 1941 Stalin, mtawala wa Muungano wa Sovieti, aliwahamisha kwa nguvu Wajerumani wa Volga, yaani waliokuwa wakiishi kando ya mto Volga huko Urusi, akawatupa Siberia na Kazakistani. Mwaka 1989 Wajerumani waliokuwa Kazakistani walikaribia milioni moja, na baada ya hapo wengi wao walihamia Ujerumani. Wajukuu wao wapo hapo kwenu. Nyumbani wamesikia Kirusi, na makaburi ya babu zao yako Karaganda, mji wa Kazakistani. Halafu kuna vijana wenye asili ya Uturuki. Kijana aliyezoea kuhesabu kwa Kituruki bir, iki, üç, dört, beş akisikia kwa Kikazaki bir, eki, üsh, tört, bes, atakaa kitako asikilize.

Kwa hiyo wa kuanza nao hamtawakosa. Hofu yangu ni mwaka wa pili.

Jirani yangu yule alianza na wanafunzi 11. Mwaka wa pili walibaki 4. Wakubwa wa chuo (chuo chenyewe sikitaji) wakasema darasa la watu 4 halina fungu, likafutwa wiki ya kwanza ya muhula. Wanafunzi wale walikuja mlangoni kwake, vitabu mkononi. Msichana mmoja alikuwa ameshaanza kumwandikia bibi yake barua kwa Kikazaki, akaishia hapo. Mpaka leo naumia nikimkumbuka.

Na Kikazaki kinahitaji huo mwaka wa pili kuliko unavyodhani. Kwetu wingi hukaa mbele: mtoto, watoto. Kwao hukaa nyuma, na sauti za neno ndizo zinazochagua kiambishi: bala (mtoto) huwa balalar, üy (nyumba) huwa üyler, qalam huwa qalamdar, köz (jicho) huwa közder, kitap huwa kitaptar, mektep (shule) huwa mektepter. Wingi mmoja, sura sita. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anayakariri hayo kama wimbo. Kusoma gazeti, viambishi vitatu vinne vimepangana nyuma ya mzizi mmoja, huja baadaye, tena polepole. Ukimkatia njiani umempotezea mwaka mzima.

Kuhusu herufi, msibishane sana. Kikazaki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwaka 1929 kikahamia za Kilatini, mwaka 1940 kikahamishiwa za Kikirili, kama za Kirusi ila ni 42. Mwaka 2017 serikali iliamuru kurudi kwenye Kilatini, lakini vitabu na magazeti mengi ya Kazakistani bado ni ya Kikirili. Fundisheni hizo kwanza. Wakazaki wa China bado wanatumia za Kiarabu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili azione. Hapo ndipo lugha inapokutana na taaluma. Akhmet Baitursynuly, msomi wa Kikazaki aliyezitengeneza upya herufi za Kiarabu zikalingana na sauti za lugha yake, alipigwa risasi na utawala wa Stalin mwaka 1937. Mwanafunzi asipoelezwa hilo atadhani alfabeti ni shughuli ya wachapaji tu.

Sasa hizo fedha za miaka 2. Zipokeeni, lakini mjue zitakwisha mwezi uleule ambao wanafunzi wenu wa kwanza watakuwa wameanza kuongea vizuri. Kabla hamjatangaza chochote, kaeni na mkuu wa idara mpate mambo mawili kwa maandishi: kwamba darasa la mwaka wa pili litafundishwa hata wakibaki watu 3, na kwamba Kikazaki kitahesabiwa katika shahada za historia, siasa na isimu. Bila hilo la pili, mtoto wa watu atakipenda Kikazaki kisha atakiacha, kwa kuwa hakimsaidii kuhitimu.

Na barua ya kuomba nafasi ya kudumu ya mwalimu iandikeni muhula huu, kabla huyo wa miaka 2 hajapanda ndege.