Sassicaia: mvinyo uliozitangulia sheria

Tangu tuanze kuandika kuhusu mvinyo wa Italia, hakuna chupa iliyoulizwa na wasomaji kama Sassicaia. Leo najibu maswali machache kati ya yaliyofika.

Mvinyo huu ulianzaje? Na ni kweli miche yake ililetwa kwa siri kutoka Château Lafite? (Msomaji, Moshi)

Sassicaia hutoka Tenuta San Guido, shamba lililoko Bolgheri, pwani ya Toscana, kusini ya mji wa Livorno. Mwanzilishi wake ni Mario Incisa della Rocchetta, mtu mwenye cheo cha markizi, ambaye mwaka 1930 alimwoa Clarice della Gherardesca. Ardhi ya Bolgheri ilikuwa ya upande wa mke.

Habari ya Lafite, shamba maarufu la mvinyo la Bordeaux, Ufaransa, husimuliwa sana, lakini Mario mwenyewe alieleza vingine katika barua aliyomwandikia mwandishi wa mvinyo Luigi Veronelli mwaka 1974. Alipokuwa mwanafunzi Pisa, miaka ya 1920, alikuwa akialikwa kwa ukoo wa Salviati, pale Migliarino. Huko alionjeshwa mvinyo wa shamba lao uliomkumbusha harufu ya Bordeaux ya zamani. Akaamini kwamba kama Cabernet, zabibu za Bordeaux, inakubali Migliarino, hata Bolgheri itakubali. Miche ikatoka huko huko Toscana.

Mwaka 1944 akapanda kipande kidogo huko Castiglioncello, mlimani, kama mita 350 juu ya usawa wa bahari. Majirani hawakumwelewa. Toscana mvinyo mwekundu ni zabibu za Sangiovese, na huyu anapanda Cabernet Sauvignon na Cabernet Franc, tena karibu na bahari, mahali ambapo hakuna aliyetarajia mvinyo wa maana. Mavuno ya mwanzo yakawapa haki ya kucheka: mvinyo ulikuwa mkali, unakausha ulimi, na wenyeji walizoea mvinyo mwepesi wa kunywa mapema. Basi kuanzia 1948 hadi 1967 ukabaki wa nyumbani tu, kwa familia na marafiki.

Kilichouokoa ni muda. Chupa zilizoachwa ghalani zilipofunguliwa baada ya miaka kadhaa, ule ukali ulikuwa umelainika na harufu imefunguka. Mpwa wake, Piero Antinori, ndiye aliyesaidia kuuingiza sokoni, na mtaalamu Giacomo Tachis akanyoosha utengenezaji wake. Mavuno ya 1968 ndiyo ya kwanza kuuzwa, na yaliingia sokoni mwaka 1971. Mimi humheshimu markizi huyu kwa jambo hilo hasa: alivumilia zaidi ya miaka ishirini bila kubadilisha mizabibu yake ili kuwaridhisha waliomcheka.

Nimesoma kwamba zamani lebo yake iliandikwa "vino da tavola", mvinyo wa mezani. Mvinyo ghali hivyo? (Msomaji, Nairobi)

Ndiyo. Sheria za Italia hutoa daraja kwa kuangalia eneo na aina ya zabibu zinazoruhusiwa hapo. Bolgheri ilipopewa daraja la DOC, yaani jina la eneo linalolindwa na sheria, mwaka 1983, ilikuwa kwa mvinyo mweupe na wa waridi tu. Mwekundu wa Cabernet haukuwa na pa kuandikwa, ukabaki daraja la chini kabisa, pamoja na mvinyo wa kupimiwa kwa jagi. Na hapo tayari mavuno ya 1972 yalikuwa yamekwisha kushinda shindano la Cabernet lililoandaliwa na jarida la Decanter jijini London mwaka 1978, waonjaji wakiwa hawajui chupa ipi ni ya nani.

Sheria ilirekebishwa mwaka 1994, ikaukubali na mwekundu. Tangu 2013, Bolgheri Sassicaia ni DOC inayojitegemea, heshima ya nadra kwa mvinyo wa shamba moja.

Kwa nini watu hubishana sana kuhusu mwaka? Na mwaka upi ni bora? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili limetoka mahali panapofaa. Kwenu Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Bolgheri ni mara moja, kwa kawaida kuanzia Septemba, na mvua ikiharibu mavuno hakuna msimu mwingine wa kufidia. Mwaka ulio kwenye lebo ni wa kuvuna zabibu. Baada ya hapo Sassicaia hukaa takriban miaka miwili kwenye mapipa madogo ya mwaloni wa Kifaransa, kisha hupumzika kwenye chupa. Ndiyo maana mavuno ya 2015 yalitajwa na jarida la Wine Spectator kuwa mvinyo bora wa mwaka, mwaka 2018.

Mwaka unaotajwa kwa sauti ya chini, ya heshima, ni 1985. Januari ya mwaka ule baridi kali iliua mizeituni mingi Toscana, lakini kiangazi kilichofuata kikawa kikavu na kirefu. Mkosoaji wa Marekani Robert Parker aliupa alama 100, na bei yake ikapanda. Ni mvinyo mkubwa, ila leo mnunuzi analipia jina la mwaka zaidi ya kilichomo.

Miaka ya 1988 na 1990 nayo husifiwa. Kwa miaka ya karibuni, mimi ningechagua 2016 kabla ya 2015: 2015 umejaa na unapendeza mapema, 2016 umenyooka zaidi na utaishi muda mrefu. Mwaka 2002 ulikuwa wa mvua, 2003 na 2017 wa joto kali, 2014 wa baridi na unyevu. Msiikimbie miaka hiyo. Shamba makini huchagua zabibu kwa ukali zaidi mwaka ukiwa mbaya, na chupa za 2014 hunyweka bila kungoja miaka 15.

Nimezawadiwa chupa ya 2018. Imesimama juu ya friji hapa Mombasa. Nifanye nini? (Msomaji, Mombasa)

Ishushe leo. Joto la friji juu ya joto la Mombasa litaipika. Ilaze, kizibo kisikauke, mahali penye giza, nyuzi 12 hadi 14 ukiweza. Kama huna mahali hapo, usiitunze: ifungue mwezi huu na watu unaowapenda, saa moja au mbili kabla ya chakula, ikiwa na nyuzi kama 18. Nyama ya mbuzi ya kuchoma itafaa sana.

Kuna mtu ananiuzia Sassicaia kwa theluthi moja ya bei. Ninunue? (Msomaji, Milano)

Hapana. Mwaka 2020 polisi wa fedha wa Italia, Guardia di Finanza, walifichua genge lililokuwa likighushi Sassicaia karibu na hapo ulipo: mvinyo wa kawaida kutoka Sicilia, chupa kutoka Uturuki, lebo na masanduku ya kuigiza. Walikuwa wakiuza kwa punguzo kubwa kama hilo unaloahidiwa. Fedha ikiwa ndogo, nunua Guidalberto, mvinyo wa shamba hilo hilo uliotoka mara ya kwanza na mavuno ya 2000. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa, na ni wa kweli.