Uache mtungi wa gesi upikie umeme? Angalia kwanza LUKU yako

Tangu majiko ya presha ya umeme yajae Kariakoo, ndugu na majirani wananiuliza swali moja: niachane na gesi kabisa? Jibu langu ni kwamba vyakula vinavyochemka muda mrefu vihamishie kwenye umeme, mtungi mdogo wa kilo 6 ubaki ndani, na usinunue chochote kabla hujajua unalipa bei gani ya LUKU. Kwetu Tabata tuko watano, tumeishi hivyo tangu mgao wa umeme ulipoisha mwanzoni mwa 2024, na pesa ya jikoni imepungua kweli. Lakini zipo nyumba ambazo utaratibu huuhuu ungeziumiza, na baadhi ni za watu ninaowapenda.

Mdogo wangu yuko Uingereza, na huko nako watu wanajadili kukata gesi, ila kwao shida ni kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Gesi inawafikia kwa bomba, na kuna ada ya kila siku wanayolipa hata kama jiko halikuwashwa. Anayehamia umeme ana sababu ya kung'oa mita ya gesi moja kwa moja, maana anaiokoa ile ada. Uniti ya umeme kwao ni karibu mara nne ya bei ya gesi, kwa hiyo wengi wanaohama hutegemea mashine zinazovuta joto kutoka nje, ambazo kwa uniti moja ya umeme hutoa joto la uniti kama tatu. Sisi hatuko huko. Mtungi ukikaa pembeni hata miezi mitatu haukudai senti, kwa hiyo hakuna unachookoa kwa kuufukuza nyumbani. Na joto la gesi ya mtungi, likipimwa pale linapoingia kwenye chakula, hapa kwetu ndilo ghali.

Tupige hesabu. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina joto sawa na karibu uniti 13 za umeme, hivyo mtungi wa kilo 15 una kama uniti 190. Mtaani kwetu nilikuwa naujaza kwa shilingi 57,000, yaani shilingi 300 kwa kila uniti ya joto. Mtu akiishia hapo atasema gesi ni nafuu. Lakini karibu nusu ya moto wa gesi hupanda pembeni mwa sufuria na kwenda kupasha hewa ya jikoni, unausikia mkononi ukishika mpini. Joto linaloingia kwenye chakula basi limekugharimu kama 600. Umeme wa bei ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) unafika 356. Jiko la koili linapoteza kama robo ya joto lake, kwa hiyo uniti iliyoingia kwenye sufuria ni kama 480. Jiko la presha limezibwa pande zote, linapoteza kidogo sana, na kwa kuwa mvuke hautoki, chakula chenyewe kinahitaji joto pungufu. Bei ya gesi kwako inaweza kuwa tofauti, weka ya kwako uone.

Sasa hapa ndipo pa kutulia, maana ndipo watu wanapoumia. Wateja wadogo wa majumbani, wale wa kundi la bei liitwalo D1, hulipa shilingi 100 tu kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, ambazo pamoja na kodi na tozo ni 122. Kila uniti inayozidi hapo ni 350, na ikishabeba kodi na tozo inakuwa 427. Ukiwa unazidisha mara kwa mara unahamishiwa T1, kundi la ile bei ya kawaida, na huko hakuna punguzo la uniti 75, ni 356 kuanzia uniti ya kwanza. Uniti 75 za D1 ni shilingi 9,150. Uniti hizohizo kwa T1 ni 26,700. Maana yake familia yenye friji dogo, feni, taa na televisheni, inayojibana ndani ya uniti 75, ikihamishia mapishi yote kwenye umeme itaanza kulipa zaidi ya shilingi 17,000 za ziada kwa taa na friji lilelile, kabla hata haijabandika chai. Hakuna muuza majiko atakayekwambia hili. Kwa nyumba ya namna hiyo gesi ibaki kuwa jiko kuu, na umeme upike kile tu kinachoenea kwenye nafasi iliyobaki: maharage mara mbili kwa wiki, makande siku moja, basi.

Kujua uko wapi ni rahisi. Angalia ujumbe wa manunuzi yako ya LUKU, ila usiangalie manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa sababu hayo hukatwa kodi ya jengo na yatakuchanganya. Chukua ya pili. Kama umeme wa 5,000 umekupa uniti 14, uko T1. Kama umekupa karibu 41, uko D1, na nafasi hiyo uilinde.

Aliye T1 tayari hana cha kupoteza kwenye bei, na kwake ndiko naweka msisitizo wangu wote. Lakini usiniamini kwa maneno, mita yako ina jibu. Jumapili moja nilizima friji, feni na pampu, nikasoma mita: 41.6. Nikaweka nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji, maji ya kufunika na vidole viwili juu, kitunguu kizima kimoja, nikafunga mfuniko wa jiko la presha na kulitegea dakika thelathini na tano. Lilipomaliza, na presha imeshuka yenyewe, nikarudi kwenye mita: 41.2. Sehemu nne za kumi za uniti, kama shilingi 140, na maharage yamepasuka vizuri, yanasubiri nazi. Maharage hayohayo juu ya gesi yanataka saa moja na nusu au zaidi, na kila anayepika anajua mtungi unavyokwisha wiki ya maharage na makongoro. Fanya jaribio hilo kwa vyakula vyenu wenyewe. Azima jiko kwa jirani kama huna.

Kwangu umeme umechukua maharage, makande, supu, nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, ndizi, mihogo na wali. Wali wa nazi unatoka vizuri mno, haushiki chini. Gesi imebaki na ugali, chapati, samaki wa kukaanga na mayai ya asubuhi. Ugali naweza kuupika kwenye koili, ila sufuria inateleza ukianza kusonga, na nikishaegemea mwiko nataka jiko lililokaa imara na moto ninaoweza kuupunguza papo hapo. Mama yangu alipokuja kutoka Morogoro alilitazama jiko la presha siku mbili bila kusema neno, siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, hili linapika na kisamvu?" Linapika.

Anayefikiria jiko la kioo la induksheni achukue sumaku kwanza, apite nayo kwenye sufuria zake. Sumaku isiponasa chini ya sufuria, jiko hilo halitaipasha. Sufuria zetu nyingi ni za alumini na hazinasi, kwa hiyo bei ya jiko ijumlishe na bei ya sufuria mpya. Koili ya kawaida haichagui madini, ila inataka kitako bapa. Sufuria iliyobonyea chini inaacha joto jingi hewani, na faida ya umeme inaishia hapo.

Kuhusu nyaya sitazunguka. Soketi ya kawaida ya ampia 13 inabeba kama wati 3,000, na jiko la presha la wati 1,000 linaingia bila shida. Kinachounguza nyumba ni jiko, birika na pasi kukaa kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi. Ukigusa plagi baada ya kupika ukakuta inaunguza, au soketi imeanza kuwa ya kahawia pembeni, acha kuitumia siku hiyohiyo. Jiko kubwa la pleti nne na oveni ni habari nyingine: linahitaji waya wake lenyewe kutoka kwenye mein swichi, wa milimita 6 au zaidi, na breka yake. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na mwambie apime na ethi, ule waya unaoshuka ardhini. Nyumba zetu za karibu na bahari chumvi inakula vibano vya ethi taratibu na hakuna anayeona.

Mpangaji ana mtihani wake. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini vyumba vinne vinachangia LUKU moja, na jiko la umeme likionekana mlangoni kwa mtu ugomvi umeingia, hata kama linatumia kidogo kuliko friji la jirani. Nimeona wapangaji walioishi vizuri miaka wakiacha kusalimiana kwa ajili ya pasi. Zungumza na wenzako kabla ya kulinunua, mwambie na mwenye nyumba, na ikiwezekana wekeni mita ndogo kwa kila chumba ili kila mtu aone matumizi yake. Wasipokubali, baki na gesi. Amani ya nyumba ina thamani kubwa kuliko shilingi elfu kumi utakazookoa.

Maji ya kuoga nimeyaacha peke yake kwa sababu ndiyo yanayokula umeme kimyakimya. Hita ya bomba la mvua ya wati 5,000, ikiwaka dakika kumi, inatumia karibu sehemu nane za kumi za uniti. Watu wanne kila siku, mwezi mzima, ni kama uniti 100, zaidi ya shilingi 35,000 kwa T1. Kwa Dar, ambako ubaridi wenyewe ni asubuhi za Juni mpaka Agosti, sioni sababu. Kwa mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, birika moja la umeme la lita moja na nusu hivi, limwagwe kwenye ndoo ya maji ya kawaida, linatosha na halifiki shilingi 60. Aliyekuwa akichemsha maji ya kuoga juu ya gesi aanze na hili hata kabla ya maharage.

Na kwa nini nang'ang'ania mtungi mdogo ubaki? Mgao wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024 hali imekuwa nafuu sana, na bwawa zima ni megawati 2,115. Lakini umeme wa kutosha Rufiji haulizuii tawi la mwembe kuangukia waya wa mtaani kwako, wala transfoma kuungua siku ya mvua. Halafu kuna umeme kufifia jioni, nyumba zote zikiwasha pamoja. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, koili inatoa joto kama asilimia 60 tu ya lile ulilozoea. Chakula hakiharibiki, kinachelewa, na watoto wana njaa.

Nyumba chache za Mikocheni na Sinza zilizounganishwa gesi asilia ya bomba na TPDC, shirika la mafuta la taifa, hazimo kwenye hesabu hizi. Ile ni gesi yetu ya chini ya ardhi. Ya mtungi huletwa na meli, na bei yake hupanda na kushuka na soko la dunia na dola. Kama bomba limefika kwako, usilikate.

Jambo moja zuri la LUKU ambalo halisemwi vya kutosha: unanunua ya 2,000. Kujaza gesi kunataka noti nyingi kwa mpigo, na mwezi ukiwa mbaya mtungi ukaisha, familia nyingi hurudi kwenye mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kufikia 2034, na gesi na umeme vyote vimo ndani yake. Kuwa na vyote viwili ndiyo njia ninayoijua ya kutorudi kwenye mkaa tarehe 25.

Mtungi wa akiba nao unataka matunzo, hasa kwa kuwa sasa utakaa muda mrefu bila kuguswa. Ufungwe kwenye regulita kila ukimaliza, usiishie kwenye swichi ya jiko tu. Pakaa povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Likitoa mapovu, panavuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango, usiwashe wala kuzima taa, kisha toa watu nje. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe: ukienda kujaza uwekwe kwenye mizani mbele yako, toa uzito ule, na zibaki kilo 6 kamili.