Kisukari na mazoezi: nitembee alfajiri au baada ya chakula cha usiku?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 52, ni mhasibu, naishi Mbagala na ofisi iko Posta, Dar es Salaam. Nina kisukari aina ya pili, huu ni mwaka wa nne. Natumia metformin mg 500 asubuhi na jioni, pamoja na glibenclamide mg 5 asubuhi. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, nameza dawa, natembea dakika 45, naoga, napanda daladala. Chai nakunywa ofisini saa tatu. Nikipima sukari kabla ya kutembea napata 8.9 mmol/L, nikirudi 9.6. Halafu mara mbili mwezi huu nimetetemeka na kutoka jasho jingi nikiwa kwenye daladala. Rafiki yangu ananishauri nihamie jioni. Mke wangu anasema alfajiri ndiyo mafuta yanaungua. Nishike saa ipi?

Jibu: Tuanze na daladala, maana hilo ndilo la hatari. Kutetemeka na kutoka jasho kwa mtu anayemeza glibenclamide tunakuhesabu kuwa ni sukari kushuka mpaka kipimo kithibitishe vingine. Dawa hii huchochea kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala, na nguvu yake huwa kubwa zaidi yakipita masaa mawili hadi manne tangu uimeze. Ukimeza saa kumi na nusu, kilele kinaangukia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Wakati huo misuli imeshavuta sukari kwa dakika 45 na tumbo halijaona kitu tangu jana usiku. Chai inakuja saa tatu, kilele cha dawa kimeshapita.

Kwa hiyo kuanzia kesho glibenclamide imezwe pamoja na kifungua kinywa, usiitangulize. Metformin nayo iende na chakula, itakupunguzia kichefuchefu na kuharisha. Kama huwezi kula kabla ya kutoka nyumbani, beba dawa na umeze chai ikiwa mezani. Mfukoni uwe na sukari: vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa, karibu gramu 15, au soda ya kawaida ml 150. Ukitetemeka, pima, ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au kama huna mashine karibu, tumia sukari hiyo papo hapo, subiri dakika 15, pima tena, na rudia kama bado iko chini. Soda isiyo na sukari haisaidii chochote hapa. Karanga na chokoleti nazo huchelewa kwa sababu ya mafuta.

Sasa hiyo 8.9 iliyogeuka 9.6. Mashine za nyumbani zinazokidhi kiwango cha kimataifa zinaruhusiwa kupishana na maabara hadi asilimia 15, kwa hiyo 8.9 inaweza kuwa chochote kati ya 7.6 na 10.2. Tofauti ya 0.7 peke yake haikuambii kitu. Na hata kama imepanda kweli, sababu inajulikana: kuelekea asubuhi kotisoli na homoni nyingine huliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu, na kutembea kwa kasi bila kula huongeza adrenalini inayosukuma upande huohuo. Mazoezi hayajakuharibia kitu. Misuli iliyofanya kazi hubaki ikiipokea insulini vizuri zaidi kwa saa 24 na wakati mwingine mpaka 72, ndiyo maana tunasisitiza usiruke siku zaidi ya mbili mfululizo.

Mke wako ana hoja, ila haifiki mbali. Ni kweli ukitembea bila kula mwili hutumia mafuta zaidi kwa muda ule. Lakini ukihesabu siku nzima tofauti karibu inapotea, na kwenye uzito haionekani.

Kwa mwenye kisukari aina ya pili, saa ya ukutani ina uzito mdogo kuliko saa ya mlo. Sukari hupanda na kufika juu kabisa kama dakika 60 hadi 90 tangu uanze kula. Misuli inayotembea huvuta sukari bila kuingoja insulini, kwa hiyo ukiiweka kazini wakati huo unaukata mlima kabla haujawa mrefu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwalinganisha wagonjwa 41 wakitembea dakika 30 kwa siku wakati wowote, kisha dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Kwa mpango wa pili sukari baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kwa wastani, na baada ya mlo wa usiku kwa asilimia 22. Mlo wa usiku ulikuwa na wanga mwingi na baadaye watu walikaa tu. Sidhani kwetu kuna tofauti: ugali au wali saa mbili usiku, kisha taarifa ya habari, kisha kitanda.

Ningekupangia hivi. Dakika 45 za alfajiri zigawe: 15 baada ya chai, 15 baada ya chakula cha mchana, 15 baada ya cha usiku. Anza ndani ya dakika 15 hadi 30 baada ya kumaliza kula. Mwendo uwe wa kuweza kuongea ila usiweze kuimba. Usiku huna haja ya kwenda barabarani kugombania njia na bodaboda. Zunguka uani, au nyanyuka na kukaa kwenye kiti mara 10, inuka kwa vidole vya miguu mara 20, pumzika dakika moja, rudia mpaka dakika zitimie. Kutembea hivyo hakuharibu usingizi. Kinachoharibu ni mazoezi makali ndani ya saa moja kabla ya kulala.

Ukipenda alfajiri, ibaki, lakini bila glibenclamide tumboni, na upime kwanza: ikiwa chini ya 5.0, kula gramu 15 za wanga kabla ya kutoka, kwa mfano ndizi mbivu moja ndogo. Ikizidi 16.7 na unajisikia vibaya, siku hiyo pumzika. Vaa nguo nyeupe mpaka kupambazuke. Miezi ya Desemba hadi Machi Dar alfajiri ndiyo yenye nafuu ya joto, ingawa unyevu ni mwingi na jasho halikauki, hivyo kunywa maji.

Mazoezi ya nguvu, mara 2 kwa wiki, yaweke saa kumi na moja jioni. Joto la mwili huwa juu kuelekea jioni na misuli hufanya kazi vizuri kidogo.

Usiniamini mimi, iamini mashine. Chagua mlo mmoja wa usiku, kipimo kilekile cha ugali na mboga ileile. Siku 3 kaa baada ya kula, siku 3 tembea dakika 15, na kila siku pima yakitimia masaa mawili tangu uanze kula. Hizo ni stripu 6 tu. Nawa mikono kwanza. Kidole chenye utamu wa embe husoma sukari ambayo haimo kwenye damu.

Hukutaja presha. Kama unatumia atenolol au dawa ya kundi lake, moyo kwenda mbio na kutetemeka vinaweza kufichwa sukari ikishuka, ubaki na jasho tu. Kagua nyayo kila usiku, na ukiwa na kidonda, ganzi miguuni, maumivu ya kifua au tatizo la macho lililoonekana kliniki, mwone daktari kabla ya kuongeza kasi au uzito. Na ukipata tena chini ya 3.9 hata baada ya kuihamishia dawa kwenye chakula, usiache kutembea. Nenda kliniki na daftari la vipimo, dozi ya glibenclamide ipunguzwe au dawa ibadilishwe.