Kabla Hujabandika Chati Nyingine Ukutani

Nafundisha darasa la pili, na kwenye semina za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tumeimbiwa "darasa linaloongea", yaani lenye kuta zilizobandikwa chati za kujifunzia, hadi tumelikariri. Sipingi. Kwa mtoto ambaye kwao hakuna hata gazeti, ukuta wa darasa ndio kitabu. Shida ni pale kuta zote zinapoongea kwa mpigo: silabi, ramani, viungo vya mwili, vizibo vya soda vinaning'inia kambani, maua ya karatasi. Na tuambiane ukweli, nyingi hubandikwa wiki wanayotarajiwa wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walifundisha watoto 24 wa chekechea masomo ya sayansi, mara kuta zikiwa zimejaa mapambo, mara zikiwa tupu. Penye kuta tupu watoto walipata wastani wa asilimia 55 kwenye majaribio; penye mapambo, 42. Usikimbilie kubandua kila kitu lakini. Wetu wanauhitaji ukuta, ila wanauhitaji uwe na mpangilio.

Mimi ukuta wenye ubao siugusi. Chati zinakaa ubavuni, usawa wa macho ya mtoto aliyesimama, si juu karibu na kenchi. Najua tunazipandisha juu kwa kuogopa zitachanwa. Acha zichanwe! Nina kijana mmoja, akikwama kuandika "nyanya" anainuka kimyakimya, anapitisha kidole kwenye mstari wa nya-nye-nyi, anarudi kuandika. Ingekuwa juu angekodolea tu. Karatasi ya manila ikikuishia, tumia mgongo wa kalenda kuukuu au karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ikung'ute vumbi nje kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayekuja kulikagua: mwanga na hewa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Salford wa mwaka 2015, uliopima madarasa 153 ya shule za msingi Uingereza, ulikuta kwamba karibu nusu ya mchango wa chumba katika maendeleo ya mtoto ilitokana na mwanga, joto na hewa. Kwetu, chini ya bati lisilo na dari, sihitaji kushawishiwa.

Kwa hiyo saa nne, jua likishapanda, kaa kwenye dawati la pembeni kabisa mbele, kisha la mwisho nyuma, usome ubao. Ukiona unameta na maandishi hayaonekani, upakwe upya rangi isiyong'aa, na hilo litangulie mapambo yote. Chati zilizoziba madirisha zitoke leo. Kuta zilizofifia zipigwe chokaa. Ni rahisi, na chumba kinapata nuru.

Kila mwisho wa mwezi nawauliza watoto chati ipi hawaitazami tena. Wanajibu bila huruma, hata ile niliyoichora usiku kucha. Inashuka, nageuza upande wa pili, naandika silabi za mwezi unaofuata.