Kufunga sabufa bila kung'oa redio ya kiwandani: shughuli iko kwenye waya za spika na ethi

Mkuu uliyeuliza kama ni lazima ubadilishe redio iliyokuja na gari ndipo ufunge sabufa ya inchi 12, kwa kuwa nyuma yake hakuna tundu za RCA (za kupeleka sauti kwenye amplifaya): si lazima. Sauti unaichota kwenye waya za spika za nyuma. Amplifaya nyingi za sasa zinapokea waya hizo moja kwa moja. Kama yako haipokei, weka konveta katikati ya kushusha volti za spika ziwe za kiwango cha RCA.

Hapo kwenye kuchota ndipo redio nyingi zinapofia. Pima kwa mita, redio ikiwa imewashwa, kati ya waya wa spika na bodi ya gari: utakuta kama volti 6 kwenye chanya, na kama volti 6 kwenye hasi pia. Maana yake hasi ya spika si ethi (hasi ya gari inayopita kwenye bodi). Ukiigusisha kwenye bodi, au ukitumia konveta duni inayounganisha hasi zote na ethi, unaweza kuunguza chipu ya redio. Kila spika ipeleke na chanya yake na hasi yake, kulia na kushoto, bila kuzichanganya. Maungio yachomelewe kwa risasi na kufunikwa vizuri. Vile vibanio vya kung'ata waya hulegea kwa mtikisiko, halafu unabaki kutafuta sauti inayokatika kila gari likipita kwenye matuta.

Gari likiwa na amplifaya yake ya kiwandani, chota baada ya amplifaya hiyo, na kwenye spika inayopewa besi. Spika ndogo za dashibodi hazikufai, besi imeshachujwa. Kuna na ujanja mwingine wa watengenezaji: redio inapunguza besi kadiri unavyoongeza sauti, ili kulinda spika za milangoni. Kuigundua ni rahisi. Cheza toni ya 40 Hz, weka mita kwenye volti za AC kwenye waya wa spika, panda hatua kwa hatua, andika namba. Rudia kwa toni ya 200 Hz. Kama ya 200 inaendelea kupanda huku ya 40 imesimama au inashuka, redio inakata besi, na dawa yake ni prosesa ya kurudisha besi iliyokatwa. Kuongeza geini (kirekebishi cha amplifaya cha kuilinganisha na nguvu ya sauti inayotoka kwenye redio) hakusaidii: sabufa itanguruma sauti ikiwa chini na kupotea ukiongeza.

Umeme sasa. Amplifaya ya daraja D yenye wati 500 za RMS, yaani nguvu halisi ya mfululizo (achana na namba kubwa zilizoandikwa kwenye kasha), inakula kama ampea 45 ikisukumwa mpaka mwisho. Waya namba 4, yaani takriban milimita 21 za mraba, na fyuzi ya ampea 60. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ikibaki nyeupe hadi ndani ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu, kwa hiyo panda saizi moja. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto ukichubuka kwenye bati, kwa hiyo fyuzi iliyofungwa kule buti karibu na amplifaya haijalinda chochote cha maana. Waya unapovuka ukuta wa injini, upitishe ndani ya raba.

Ethi iwe fupi, chini ya nusu mita, unene uleule wa waya wa chanya. Piga msasa rangi yote hadi chuma king'ae, funga kwa bolti yake yenyewe, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse. Besi ikipiga, pima volti kati ya tundu la ethi la amplifaya na hasi ya betri, ikizidi 0.2, rudi ukasugue tena. Na kama hasi ya betri ina kihisi cha mkondo, usifunge waya wako moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, maana kompyuta itahesabu chaji vibaya. Funga kwenye bodi.

Waya wa remoti, ule unaoiamuru amplifaya iwake, uchukue kwenye fyuzi inayozima ukizima swichi, au kwenye konveta yenye tundu la remoti. Ukiufunga kwenye umeme wa kudumu, amplifaya hailali na betri itakufa.

Kabla ya kuwasha, angalia koili. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 inakupa omu 2 ukiziunganisha sambamba, au 8 ukizifuatanisha. Ya omu 2 mara mbili inakupa 1 au 4. Amplifaya inayovumilia mpaka omu 2 ukiipa 1 itachemka na kujizima.

Geini si kitufe cha sauti. Chomoa sabufa, zima nyongeza zote za besi, redio iwe robo tatu, cheza toni ya 50 Hz. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili: kwa mfano wati 300 kwenye omu 4 ni kipeuo cha 1200, yaani volti 34.6 za AC. Weka mita kwenye matundu ya sabufa ya amplifaya, panda geini mpaka isome hapo, acha. Chujio la kukata sauti za juu (LPF) anzia 80 Hz. Kisha geuza swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa mwendo wa koni) 0 na 180 ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, uache upande wenye besi nzito zaidi.

Boksi sina mengi. Lililozibwa kwa inchi 12 ni lita 28 hadi 35 kwa sabufa nyingi, MDF ya milimita 18. Lenye tundu fuata vipimo vya mtengenezaji tu, na uwashe chujio la kukata sauti za chini mno (subsonic), kwani chini ya masafa ya tundu koni haina kitu cha kuizuia.

Ukisikia mluzi unaopanda na mzunguko wa injini, angalia ethi kwanza, halafu waya za RCA zilizolala sambamba na waya wa umeme. Mngurumo usiokoma hata muziki ukiwa umezimwa, kwenye magari yenye mfumo wa kuzima kelele za injini, unatokana na maikrofoni za darini zikipeleka toni ya kufuta kelele hadi kwenye sabufa yako. Chomoa plagi ya mfumo huo, na ngurumo inakoma.